Niliuvunja Ukuta wa Bustani

Qurayyat, Maskati
Jumapili, baada ya swala ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia na mara ya pili, kwa zile siku nilizopiga simu tukakatika hata hatujamaliza kusalimiana. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Kaka Shabani ameshamaliza kuezeka banda la mbuzi, au bado anasubiri misumari? Na huko Mlalo mawingu yameanza kujikusanya? Niambie yote, hata yale unayoyaona madogo.

Mimi ni mzima. Nimetanguliza neno hilo usije ukasoma barua hii moyo ukikuenda mbio. Macho yanaona, miguu inatembea, mikono ina makovu lakini inafanya kazi. Ila kwenye simu sikukwambia kweli. Majuma mawili yaliyopita uliponiuliza, "Mbona sauti yako imekauka hivyo?" nilikujibu ni mafua. Hayakuwa mafua, mama. Nilikuwa nimepiga kelele mpaka koo likachubuka. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu nikikusimulia kwa simu utaanza kulia katikati, na mimi nataka ufike mwisho. Barua anakuja nayo Mwajuma wa Korogwe, ambaye mkataba wake umeisha. Mpe chai, ametutendea wema.

Unajua kwamba kazi yangu ni kumtunza Bibi Salma, mama mzazi wa mwajiri wangu, Bwana Khalfan. Sijawahi kukueleza vizuri ni mtu wa namna gani. Bibi alizaliwa Unguja, akaja huku akiwa msichana mkubwa, akaolewa, akazeeka, lakini ukimsikia anavyozungumza utadhani jana tu katoka sokoni Malindi, ile ya mjini Unguja. Nyanya kwake ni tungule, na mimi nikisema nyanya ananiuliza kama namtukana bibi yangu. Ni mbishi, mama. Dawa anakunywa pale anapotaka yeye. Mwaka jana aliteleza bafuni kwenye nyumba ya mwanawe mjini, nyonga ikapasuka, akalala miezi. Alipoanza kutembea na mkongojo akasema hataki tena kukaa nyumba ya ghorofa, anataka kurudi Qurayyat, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Qurayyat ni mji wa wavuvi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka mjini, na barabara inapita katikati ya milima mitupu ya mawe. Bwana Khalfan hakupenda. Yeye anafanya kazi serikalini, hawezi kuja ila Ijumaa. Lakini ni mtoto wa pekee na mama yake analia, akakubali kwa sharti. Alisema mbele yangu, "Mama, nakupa mpaka joto lianze. Nikiona hapakaliki, au ukianguka mara nyingine, khalas, unarudi mjini na nyumba hii naiuza."

Bibi akamjibu, "Uza nikishakufa."

Basi tukahamia mwezi wa kwanza ukiisha, yeye na mimi, wawili tu.

Nyuma ya nyumba kuna kiwanja kilichokuwa bustani ya marehemu. Kinateremka taratibu mpaka ukutani, na nyuma ya ukuta ni wadi. Wadi ndiyo mto wa huku, mama, lakini mto usio na maji. Mwaka mzima ni kokoto na mbuzi wanapita. Mvua ikinyesha milimani ndipo unajua kwa nini watu hawajengi ndani yake. Ukuta ule wa zamani Bwana Khalfan aliuongeza kimo mwaka juzi kwa matofali ya saruji, ukafika kifuani, ili wadi ikija isiingie nyumbani. Ndani ya kiwanja palikuwa na mndimu mmoja mzee na takataka. Bibi akasimama na mkongojo wake akasema, "Zaina, hapa nnataka mchicha, bamia, tungule na matango. Khalfani akija akikuta watu wanakula kutoka hapa, hatotuondoa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba anachotaka si mboga.

Sasa sikiliza kilimo cha huku kilivyo. Huku hakuna masika wala vuli. Kuna baridi kidogo, kisha kuna moto, na katikati yake kuna majuma machache ambayo mche unaweza kushika mizizi. Ukiwahi, upepo wa kaskazini unaukausha. Ukichelewa, jua linaupika. Na yale majuma yenyewe hayana mpango. Leo unavaa sweta, keshokutwa huwezi kushika bomba la maji kwa mkono mtupu.

Mimi nilitaka tusubiri. Nilikuwa nashika udongo asubuhi kama ulivyonifundisha, nikaona bado una ubaridi wa ndani. Bibi hakutaka kusikia.

"Marehemu alikuwa akipanda siku hizi hizi."

"Bibi, upepo bado."

"Nnaijua nchi hii kabla mama'ko hajakuzaa. Panda!"

Nikapanda. Siku ya nne ukaja upepo wenye mchanga, ukavuma tangu alfajiri. Nilijaribu kufunika matuta kwa mashuka, mashuka yakaenda kunasa kwenye nguzo ya jirani. Jioni hapakuwa na tuta, palikuwa na mchanga uliolala sawasawa kama mtu kaupiga pasi. Bibi alitazama kupitia dirishani, na usiku ule hakula.

Mara ya pili nikakataa kutia mbegu ardhini. Nikazitia kwenye makopo, nikazipanga barazani chini ya neti ya kivuli. Zikaota vizuri sana. Asubuhi moja kukawa na ubaridi, nikaiondoa neti zipate jua, tukaenda na Bibi kliniki kupimwa nyonga. Kliniki tukakaa mpaka saa nane. Na siku hiyo hiyo, mama, joto likapanda kama mtu kafungua mlango wa tanuri. Tuliporudi ile miche ilikuwa imelala, imekuwa rangi ya majani ya chai. Hilo lilikuwa kosa langu peke yangu. Nilikaa chini barazani nikalia kama mtoto.

Ijumaa iliyofuata Bwana Khalfan akaja. Akakuta makopo yamekauka, matuta matupu. Hakugomba mbele ya mama yake. Aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Zaina, wewe unampa mama yangu matumaini ya udongo. Analala bila kula, nimeambiwa. Anatoka kwenda kule chini na mkongojo, sivyo?"

"Mara moja moja, bwana. Namshika mkono."

"Mara moja inatosha kumvunja. Majuma mawili. Baada ya hapo nakuja na gari kumchukua. Na akianguka kabla ya hapo, sitamuuliza Mungu, nitakuuliza wewe."

Nilipokwenda kulala maneno yale yalikuwa bado kifuani. Si kwamba ni mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa akiwa na nguvu juu yako unamwogopa na wewe.

Mara ya tatu nilifanya kwa akili yangu. Nilimwambia Bibi, "Safari hii utaniachia." Akaninunia siku nzima, kisha akaniachia. Nilichanganya samadi ya mbuzi na mchanga wa wadi, nikainua matuta, nikaweka vijiti na neti ninayoweza kuifunga na kuifungua kwa saa, nikamwagilia alfajiri na magharibi tu. Tuta bora nililiweka chini kabisa karibu na mndimu, mahali penye unyevu, nikahamishia pale nyanya, maana safari hii nilinunua miche ya nyanya na mchicha iliyokwisha kukua. Nilikuwa naamka kutazama anga kama mtu mwenye mgonjwa. Mche ukishika, nahesabu majani. Siku ya kumi mchicha ulikuwa unatosha kuchumwa. Bibi alikaa juu ya kiti barazani, akala mchicha ule na wali, akasema, "Umekosa nazi ya Unguja tu." Kwa Bibi hiyo ni sifa kubwa.

Zikabaki siku tatu Bwana Khalfan aje na gari lake.

Siku ya Jumanne simu zikapiga kelele za tahadhari. Huku wanaita munkhafadhi, yaani hali ya hewa chafu inayotoka baharini, inayoleta mvua kwa ghafla. Asubuhi anga lilikuwa jeupe, hakuna hata upepo. Bwana Khalfan akapiga: "Msitoke nje. Funga milango. Mimi nikiweza nitakuja, ila wanasema barabara inaweza kufungwa." Nikafunga. Nikafunika matuta kwa neti na mawe. Saa sita na nusu milima ikawa haionekani.

Kwanza ilinyesha mvua ya mawe. Sikuwahi kuwaza kwamba nitaiona mvua ya mawe Arabuni. Ilipiga bati la banda la zana, na kupitia dirishani nikaona neti inachanika na majani ya nyanya yanaruka vipande. Nilitaka kutoka. Bibi akanishika kanga, "Wacha! Majani yataota mengine." Kisha mawe yakakoma, ikaja mvua yenyewe.

Nyumba yetu mbele inatazama kichochoro kinachoshuka kutoka mlimani. Mimi macho yangu yote yalikuwa nyuma, kwenye wadi, kwa sababu ndiyo tunayoambiwa kuiogopa. Kumbe maji yalikuja kwa mbele. Yalipita chini ya geti la chuma, mekundu, yakabeba ndoo na viatu, yakazunguka ubavu wa nyumba, yakaingia bustanini. Na kule chini yakakuta ukuta. Hayakuwa na pa kwenda, mama. Ule ukuta uliojengwa kuzuia maji yasiingie sasa ulikuwa unayazuia yasitoke. Bustani ikawa bwawa, na bwawa likaanza kupanda kuja kwetu.

Baraza ina ngazi tatu. Ya kwanza ikazama nikiwa natazama. Nikakimbia kuzima umeme kwenye swichi kubwa. Niliporudi ya pili ilikuwa imezama.

"Bibi, tunapanda juu."

"Nyonga yangu haipandi."

"Nitakubeba."

"Utanibwaga!"

Nilimfunga mgongoni kwa kanga mbili kama tunavyombeba mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo lilinitia uchungu. Ngazi za kwenda juu ya paa ziko nje, ubavuni, hazina kingo upande mmoja. Mvua ilikuwa inanipiga usoni, siioni ngazi inayofuata, natafuta kwa kidole cha mguu. Bibi alikuwa anasoma sikioni kwangu, Ayatul Kursi, akifika mwisho anaanza tena. Juu kuna kijichumba cha tangi la maji. Nikamketisha humo juu ya godoro kuukuu, nikamfunika.

Kutoka pale juu niliona pande zote mbili. Ndani ya ukuta, maji yalikuwa yamefika kiunoni mwa mndimu. Nje ya ukuta, kwenye wadi, palikuwa na utepe mwembamba tu wa maji unapita katikati ya kokoto. Yaani huku tunazama, na kule hatua mbili ni pakavu.

Nikampigia Bwana Khalfan. Alikuwa amekwama njiani, nasikia honi za magari nyuma yake. Nikamweleza.

"Bwana, nataka kutoboa ukuta maji yatoke."

"Usiguse ukuta! Umenisikia? Ule ndio unawalinda. Wadi ikishuka na ukuta una tundu, mmekwisha. Usigu..."

Simu ikakata. Nikapiga tena, hakuna mtandao.

Mama, sijawahi kuwa peke yangu kama dakika ile. Alikuwa na haki. Wadi ikija na ukuta uko wazi, itaingia yenyewe kwa nguvu zake zote. Lakini nikiacha, maji yatajaa ndani, na nyumba ile ya kale kuta zake za chini ni za udongo uliopakwa saruji juu. Nilimuuliza Bibi nifanye nini. Nilitaka aniamuru, ili yakiharibika yawe amri yake.

Bibi akanitazama, maji yanamchuruzika kwenye kidevu. "Marehemu aliacha tundu la kutolea maji chini ya mndimu. Khalfani kaliziba kwa saruji, kaogopa nyoka. Mimi nnakwambia lilipo, sikwambii uvunje. Khalfani yuko mbali, haoni. Na mimi nimo humu kijichumbani. Anayeona ni wewe."

Nikashuka.

Mtaimbo ulikuwa bandani. Nilipoingia bustanini maji yalinifika mapajani, baridi ya kukata. Nilikuwa nakanyaga matuta yangu mwenyewe, nasikia miche inalainika chini ya nyayo. Tundu lilikuwa nyuma ya tuta la nyanya, lile bora. Nikalisimamia, nikapiga chini ya maji bila kuona. Mara ya kwanza mtaimbo uliteleza. Mara ya kumi sijui nilikuwa napiga nini, napiga tu na kupiga kelele, nilikuwa nayatukana matofali. Kisha kikasikika kitu kama jino linang'oka, na maji yakanivuta miguu.

Nilidhani nitatoboa shimo la kutoa maji. Lakini saruji ile ilikuwa imeshikana na matofali ya jirani yake, na maji yalipopata njia hayakungoja. Kipande cha ukuta, kama upana wa mlango, kikaanguka nje chote. Nikadaka mndimu. Miiba yake iliingia viganjani, nikazidi kuukumbatia. Maji ya bustani yote yakapita ubavuni kwangu, na nikaona nyanya zinaondoka, na mchicha, na vijiti na neti, vyote vinapita kwenye lile pengo kama watu wanaowahi gari. Dakika chache tu. Kisha maji yakashuka magotini, mvua ya kwetu nayo ikapungua, ngazi za baraza zikatokea.

Nikaanza kucheka. Ndipo nikamsikia Bibi anaita kutoka juu, amejikokota mpaka ukingoni mwa paa.

"Zaina! Wadi! Wadi inakuja!"

Niliisikia kabla ya kuiona. Inanguruma kama malori yanayoshuka mlima yakiwa yameshikilia breki. Nikatazama kwenye pengo, nikaona kona ya juu inageuka rangi. Haikuja kama maji, ilikuja kama ardhi inayotembea, na ndani yake shina la mtende linapinduka.

Kulikuwa na magunia saba ya samadi niliyokuwa sijayafungua, yameegemea banda. Sijui nguvu ilitoka wapi. Niliyaburuta mawili mawili. Nikang'oa mlango wa bati wa banda, nikausimamisha kwenye pengo, nikarundika magunia nyuma yake, nikaongeza mawe, godoro la kiti cha barazani, kila nilichokiona. Gunia la mwisho nilipoliweka wadi ilifika. Bati likagonga magunia, magunia yakanisukuma. Nikageuka nikaweka mgongo, visigino nikavizamisha kwenye tope, nikakaa hivyo.

Maji yalipenya pembeni, yananipiga mbavuni, membamba. Nilikuwa nasikia mawe yanagonga bati upande wa pili. Kila yanapogonga nasema hili ndilo. Sikuweza kugeuka kutazama yamefika wapi, kwa hiyo nilimuuliza Bibi.

"Yamefika wapi, Bibi?"

"Bado yanapanda!"

Nakaa. Nauliza tena.

"Yanapanda, lakini pole pole!"

Adhana ya alasiri iliadhiniwa kutoka msikiti wa juu, bila kipaza sauti, sauti tupu ya mtu. Nikauliza mara nyingine. Safari hii Bibi alichelewa kujibu, na mimi nikafumba macho.

"Yamesimama, mwanangu. Yamesimama. Shubiri mbili chini ya ukingo wa magunia."

Yalisimama hivyo muda mrefu, kisha yakaanza kushuka. Sikuondoka pale mpaka walipokuja wavuvi wawili wanakagua nyumba hadi nyumba. Wakanikuta nimekaa na nimeganda, wakaninyanyua. Walituambia nyumba ya tatu kutoka kwetu, wanapoishi mzee na mkewe, maji ya kichochoroni yalijaa ndani mpaka madirishani. Waliwatoa kwa mashua. Wako hai, alhamdulillahi, ila ukuta wa chumba cha kulala umelala chini. Na ukuta wao wa wadi umesimama mzima kama ulivyojengwa.

Barabara ilifunguliwa kesho yake adhuhuri. Bwana Khalfan aliingia na viatu vya ofisini vimejaa tope mpaka juu. Alimkumbatia mama yake, akambusu kichwa, akambusu mikono. Kisha akaenda nyuma. Aliporudi alikuwa ni mtu mwingine.

"Nilikwambia nini?"

Nikatazama lile tope la viatu vyake.

"Nilikwambia usiguse ukuta. Nilikwambia au sikukwambia?"

Bibi akadakia, "Mimi nimemwamrisha."

Mama, ningeweza kuinyamazia ile. Yeye ni mama yake, asingemfanya lolote. Lakini niliona nikinyamaza nitakuwa nimemfanya Bibi mwongo kwa ajili yangu, na uzee ule. Nikasema, "Hapana, bwana. Bibi alinionyesha tundu lilipo tu. Kuvunja nimevunja mimi, na wewe ulikuwa umeshanikataza."

Nilikuwa nimeshajua kitakachofuata. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguo zangu ziko wapi. Lakini akatoka, akapita kichochoroni. Alikwenda kwa yule mzee wa nyumba ya tatu. Alikaa huko kama saa nzima. Aliporudi hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja kwenye pengo, akakaa juu ya gunia la samadi na suruali yake ile ya kazini.

Nikampelekea kahawa. Hakuichukua.

"Ulijuaje kwamba wadi ilikuwa bado chini?"

"Nilipanda juu nikatazama pande zote mbili, bwana. Kwetu tunalima kwenye miteremko. Mama yangu hafungui maji kabla hajatazama yanakokwenda."

Akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyeliziba lile tundu," akasema. "Kwa mikono yangu." Baadaye akaongeza, akiwa hanitazami, "Nisamehe." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo tangu nifike huku.

Ukuta haujajengwa kama zamani. Alileta mafundi, akawaambia wanisikilize mimi. Nikasimama na kijiti, nawaonyesha: tundu hapa, tundu pale, kila moja na mlango wa chuma unaofungwa na kufunguliwa ukiwa ndani ya bustani. Fundi mmoja alikuwa ananicheka. Bwana Khalfan akamwambia fanya anavyosema. Wadi ilituachia tope laini, nene kama uji, juu ya kiwanja chote. Bibi alilichoma kwa mkongojo, akasema, "Yallah, tunangoja nini?" Tumepanda kwa mara ya nne, mama. Bamia zimetoka juzi. Sijui kama zitawahi. Jua limeshaanza kuuma saa tatu asubuhi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nne. Ijumaa ile kabla ya hii ya juzi Bwana Khalfan aliniita, na safari hii mlango wa jikoni aliuacha wazi. Akaniomba nibaki miaka miwili mingine. Alisema nitakuwa na chumba kizuri, nitakuja nyumbani kila mwaka. Alisema, "Mama hamwamini mtu mwingine, na mimi pia." Nilimwomba siku mbili.

Siku mbili zile sikupata raha. Kila nikifikiria kubaki, narudi pale ukutani, mgongo kwenye magunia. Sikukwambia nilichokuwa nawaza pale. Sikuwa nawaza kufa. Nilikuwa nawaza kwamba mimi nimekaa kwenye tope nazuia maji yasimfikie mama wa mtu, na mvua za huko zikishuka, wewe unatoka peke yako na jembe kwenda kuyafungulia. Kaka Shabani yuko na kazi zake. Ni nani anayekutazamia?

Nikamwambia hapana.

Nilikwenda kumwambia Bibi mwenyewe, nikapiga magoti kando ya kitanda chake. Nilidhani atanuna kama kawaida yake. Alinishika hivi viganja, akapitisha kidole kwenye makovu ya miiba, moja moja.

"Nenda kwa mama'ko," akasema. "Mimi mwanangu huyo yuko nje. Kachelewa, lakini kaja."

Na kweli, mama. Ameomba likizo ndefu, anafikiria kuhamia huku kabisa. Asubuhi ya leo alikuwa bustanini na mabuti ya mpira, namfundisha kufunga na kufungua milango ya matundu, na Bibi barazani anampigia kelele kwamba anakanyaga bamia.

Msalimie sana kaka Shabani na mkewe. Msalimie shangazi Mwanahawa aliyenilea ulipokuwa hospitali, mwambie nimemwekea ubani mzuri. Mdogo wangu Rehema aache kuogopa mtihani, asome tu. Mjomba Athumani wa dukani, na jirani yetu mama Kibwana anayekusogezea maji, wote wasalimie kwa majina. Bibi Salma anakusalimu, anasema umezaa mbishi.

Nitafika mwisho wa mwezi wa nne, masika itakuwa imeshika. Nakuomba jambo moja, na usinibishie. Mvua ikija kubwa kabla sijafika, liache shamba la chini liende na maji. Usitoke. Kaa ndani, ufunge mlango, unisubiri. Mboga nimeshazipanda mara nne huku, najua kuzianza upya.

Mimi mwanao niliye njiani,
Zaina